Cheti cha WinRM kwa kompyuta za matawi zisizo kwenye domeni

Muuliza swali, Mafinga

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Ninatunza kompyuta za chama cha akiba na mikopo chenye ofisi Mafinga, Makambako na Iringa mjini. Zote zinatumia Windows, hatuna domeni (mfumo wa kuziongoza kompyuta zote kutoka seva moja), na safari za basi kwa ajili ya marekebisho ya dakika tano zimenichosha. Kompyuta ya Makambako nimeiwashia WinRM, huduma ya Windows ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali, kwa njia ya HTTPS, nikaitengenezea cheti (kitambulisho cha kidijitali) kilichojisaini chenyewe. Nikiiita kwa PowerShell, programu ya Windows ya kuandikia amri, nikiwa Mafinga ninakataliwa kwa sababu mbili: mtoaji wa cheti hatambuliki, na jina lililomo kwenye cheti halilingani na anwani niliyoandika. Mwenzangu ananishauri niongeze -SkipCACheck na -SkipCNCheck, vigezo vya kuruka ukaguzi wa mtoaji na wa jina, mambo yaishe. Je, ushauri huo unafaa kwa ofisi inayotunza fedha za watu?

Jibu la 1, Mbeya

Haufai, ndugu yangu, isipokuwa kwa majaribio ya mezani. Ukitumia vigezo hivyo mawasiliano yanaendelea kusimbwa (kufichwa kwa msimbo), lakini unapoteza uhakika kwamba anayekujibu ni kompyuta ya Makambako kweli. Ni kama kujifungia chumbani kwa kufuli imara bila kujua umejifungia na nani. Kurudi kwenye HTTP isiyo na cheti, poti (mlango wa mawasiliano) 5985, na kuandika nyota, yaani kompyuta yoyote, kwenye TrustedHosts, orodha ya kompyuta unazoziamini, hakukusaidii pia, kwa sababu NTLM, njia ya kuingia inayotumika hapo, humthibitisha mtumiaji, si seva anayoiendea.

Hilo la jina ni jepesi. Bila shaka unaita kwa namba ya IP ilhali cheti kimeandikwa jina la kompyuta. Ita kwa jina, na kama huna DNS ya ndani (huduma ya kugeuza majina ya kompyuta kuwa namba zake), liandike pamoja na namba yake katika faili la hosts la kompyuta yako.

La mtoaji ndilo linalohitaji kazi. Anzisha mamlaka yako ndogo ya vyeti, kwa programu ya OpenSSL kwa mfano, kwenye kompyuta isiyounganishwa na mtandao, na ufunguo wake wa siri usitoke humo. Kila tawi lipate cheti chake kilichosainiwa na mamlaka hiyo, chenye jina kamili la kompyuta na kilichotamkwa kuwa ni cha kuthibitisha seva, kisha kiwekwe pamoja na ufunguo wake katika hifadhi ya kompyuta yenyewe, si ya mtumiaji. Wengi hukosea hapo, halafu WinRM inadai haikuona cheti chochote. Cheti cha mzizi, yaani cha mamlaka yenyewe, bila ufunguo wake, kiweke kwenye kompyuta yako ya Mafinga miongoni mwa mamlaka zinazoaminika. Baada ya hapo amri ya winrm quickconfig -transport:https itakubali, maana cheti kilichojisaini chenyewe huwa inakikataa. Poti ni 5986, na utaifungua mwenyewe kwenye ukuta wa moto (firewall).

Jibu la 2, Njombe

Naunga mkono. Niongeze tu kwamba saa inayotumika kupima uhai wa cheti ni ya kompyuta unayoitumia kuita. Umeme ukikatika na betri ya CR2032 inayoendesha saa ya kompyuta ikiwa imekufa, tarehe yako hurudi nyuma miaka kadhaa, na cheti kisicho na kasoro kitaonekana hakijaanza kutumika.

Muuliza swali, Mafinga

Nashukuru sana. Ofisi ya Iringa inatumia ruta ya laini ya simu. Je, niifungue poti 5986 moja kwa moja kwenye intaneti?

Jibu la 1, Mbeya

Hapana. Cheti kinaitambulisha seva tu. Hakimzuii mgeni kukaa akibahatisha nywila. Jenga VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti), programu ya WireGuard inatosha, na ruta ya laini ya simu haitakusumbua ikiwa tawi ndilo linaloanzisha unganisho kuelekea seva yenye anwani ya kudumu. Kisha uruhusu poti hiyo kwa anwani ya kompyuta yako pekee.

Jibu la 3, Tukuyu

Andika pia tarehe za mwisho wa vyeti. Kipokezi cha WinRM, sehemu inayosubiri miito, hushikilia alama ya utambulisho (thumbprint) ya cheti mahususi, hivyo kuweka kipya kwenye hifadhi hakutoshi: ni lazima ukielekeze kipokezi kwenye alama mpya kabla hujafuta cheti cha zamani.