Naomba ushauri: kumpeleka mama nyumbani kwa Darwin

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao nitakuwa London na mama yangu, mwalimu mstaafu wa baiolojia. Natamani sana nimpeleke Down House, kijijini Downe, alikoishi Charles Darwin kuanzia 1842 hadi alipofariki 1882. Ana hamu ya kuona chumba alichoandikia, chenye kile kiti alichokitia magurudumu, halafu atembee Sandwalk, njia ambayo mzee yule aliizunguka karibu kila siku akiwaza. Shida ni magoti yake. Mliowahi kufika, njia hiyo ina matope au miteremko? Na kutoka stesheni ya Orpington, tusubiri basi au tuchukue teksi tu? Sitaki achoke kabla hajaiona nyumba ya vioo yenye mimea inayokula wadudu.