Mjadala: Mashine inaweza kuwa jaji wa muziki uliotungwa na mashine?

FUNDI KINANDA: Wakuu, kompyuta sasa inamwaga nyimbo kama mvua za masika, na wapo wanaotaka kompyuta nyingine iamue upi mtamu na upi takataka. Mimi napinga, na sababu yangu ni John Biles, mpiga tarumbeta na mwalimu wa kompyuta huko Rochester, New York. Mwaka 1994 alitoa andiko kuhusu programu yake ya jazi, GenJam. Programu inapiga solo, yeye kakaa anasikiliza: akipenda anabonyeza g, asipopenda b. Vipande vilivyopendwa vinazaa vipya. Kazi ikawa ya kuchosha, maana solo hazisikilizwi kumi kwa mpigo. Akajaribu kuifundisha mashine imchagulie. Ikagoma. Ukivipima kwa takwimu, vipande vizuri na vibovu vilikuwa karibu sawa.

MZEE WA RUMBA: Mkuu, hiyo ni zamani, mashine za leo si zile. Na sikio letu tunalipa sifa za bure. Mwaka 1997, Chuo Kikuu cha Oregon, watu walipigiwa vipande vitatu: kimoja cha Bach, yule mtunzi Mjerumani wa zamani, kimoja cha programu ya kutunga muziki ya David Cope, kimoja cha mwalimu Steve Larson, wote kwa mtindo wa Bach. Ukumbi ukasema cha programu ndicho cha Bach, na cha Larson ndicho cha kompyuta! Jaji gani huyo?

FUNDI KINANDA: Waliulizwa nani katunga, Mzee. Hawakuulizwa kipi kitamu.

MZEE WA RUMBA: Haya, hapo umenibana kidogo. Ila utamu nao si una mpangilio? Birkhoff, mwanahisabati wa Marekani, aliandika kanuni yake ya kupima uzuri mwaka 1933: mpangilio gawanya kwa uchangamano.

FUNDI KINANDA: Kwa hesabu hiyo friji langu litashika nafasi ya kwanza. Linapiga sauti moja usiku kucha.

SAUTI YA PWANI: Ndugu zangu, mimi nauliza jaji huyo kalelewa na muziki gani. Programu nyingi husoma muziki kwa noti za piano, 12 kwa oktava, yaani toka noti moja hadi ile ile ya juu yake. Mpiga udi wa taarabu Unguja akigusa ile sauti iliyo katikati ya noti mbili, watu ukumbini wanainuka kutunza. Mashine itaandika kuwa katoka kwenye sauti. Nani atairekebisha, na kwa sikio la nani?