Naomba ushauri: kugawa agapanthasi zilizosongamana

Habari zenu wakulima wa maua. Mama mkwe alipanda agapanthasi za buluu, yale maua ya bustani yenye majani marefu, kando ya ua wa nyumba hapa Lang'ata, Nairobi. Sasa zimebanana hadi mizizi, minene na myeupe, imesukumana ikatokeza juu ya udongo. Majani yamejaa, maua ndiyo haba. Nataka kung'oa shina zima kwa jembe uma, nilikate kwa kisu kikali, kila kipande kibaki na machipukizi na mizizi yake. Udongo wetu ni ule mweusi unaotuamisha maji, kwa hivyo nitauchanganya na mboji na changarawe. Je, nigawe sasa au ningoje mvua za Oktoba zishike? Majani niyapunguze? Mama anayapenda sana maua haya, sitaki hata shina moja lioze.