Naomba ushauri: niwaelezeje vijana wa kanisa habari za maaskofu wa Uingereza bila kuwaficha siasa na damu?

MwanaUluguru

Wanajukwaa, habari za leo. Parishi yetu ya Kianglikana ina kongamano la vijana mwezi ujao, na nimepewa saa moja nizungumzie nafasi ya askofu katika historia ya Uingereza. Chanzo ni mjadala uliopita. Vijana walibishana kama askofu anafaa kuikosoa serikali, mmoja akasimama akauliza: "Huko lilikotoka Kanisa letu, maaskofu walikaa kimya?" Kasisi akasema swali hilo lijibiwe na mtu aliyesoma historia. Mzigo umeniangukia mimi.

Matukio yenyewe ninayo. Augustino alifika Kent mwaka 597, ametumwa na Papa Gregori. Thomas Becket aliuawa ndani ya Kanisa Kuu la Canterbury tarehe 29 Desemba 1170. John Fisher, Askofu wa Rochester, alikatwa kichwa 1535 kwa kukataa kumkubali Henry VIII kuwa mkuu wa Kanisa. Maaskofu Latimer na Ridley walichomwa moto Oxford 1555, na Askofu Mkuu Cranmer akafuata 1556. Askofu Mkuu Laud akakatwa kichwa 1645. Na hadi leo maaskofu 26 wana viti katika Baraza la Malodi, bunge la juu la Uingereza, na wanapiga kura kwenye sheria za nchi.

Nina shida mbili. Saa moja haitoshi kwa miaka 1,400. Na wazee wawili wa halmashauri ya parishi wameniita pembeni wakaniomba niseme yale ya kujenga tu, wakihofia vijana watakwazika. Nawaheshimu sana wazee hawa. Lakini kijana mwenye simu atayakuta haya yote peke yake usiku, bila mtu wa kumfafanulia. Nianzie wapi? Na wazee niwaambie nini?

Mwl_Kipanga

Mkuu, usianze na Augustino. Ukianza 597, utafika kwa Becket saa imekwisha. Anza na swali: mfalme wa Uingereza alimhitaji askofu kwa lipi?

Baada ya William wa Normandy kuiteka nchi mwaka 1066, mfalme alihitaji watu wa kusoma na kuandika Kilatini, kutunza hesabu na kutunga hati. Wengi wa watu hao walikuwa watumishi wa Kanisa. Halafu kuna jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita haraka: askofu hakuoa, kwa hiyo hakuwa na mtoto halali wa kumrithi. Mfalme akimpa jemadari ardhi, ardhi inaingia kwenye ukoo, na baada ya vizazi viwili ukoo ule unamtunishia misuli. Akimpa askofu, siku askofu anafariki kila kitu kinarudi, na mfalme ana sauti kubwa katika kumpata mwingine. Tena kiti kikiwa wazi, mapato yake yanakwenda kwa mfalme. Mfalme William Rufus, mwana wa William huyo, alikiacha wazi kiti cha Canterbury tangu Askofu Mkuu Lanfranc alipofariki 1089 hadi 1093, akichukua mapato. Alipougua akadhani anakufa, ndipo akamteua Anselm.

Kwa hiyo askofu alikuwa mchungaji, hakimu, mwenye ardhi na waziri kwa wakati mmoja. Mtazame Simon Sudbury. Alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury na papo hapo Chansela, waziri mkubwa wa mfalme. Wakulima walipoasi mwaka 1381 kwa sababu ya kodi ya kichwa, walimtoa katika Mnara wa London, ngome ya mfalme, wakamkata kichwa. Hasira yao ilikuwa kwa waziri wa kodi. Waeleze vijana kodi ya kichwa ni nini, babu zao waliilipa kwa Mwingereza. Watalielewa jambo hili kuliko wanafunzi wa London.

Dada_wa_Durham

Naishi Durham, kaskazini mwa Uingereza, na naunga mkono alichosema Mwalimu. Hapa ngome na kanisa kuu vimekaa juu ya kilima kimoja, mto Wear umevizunguka, na kwa karne nyingi vyote vilikuwa chini ya askofu. Askofu wa Durham alikuwa na mahakama zake, alitengeneza sarafu zake na kukusanya askari, kwa sababu Waskoti walikuwa jirani na mfalme alikuwa mbali. Mamlaka hayo ya kidunia yaliondolewa mwaka 1836, alipofariki Askofu Van Mildert. Yeye alishiriki kuanzisha Chuo Kikuu cha Durham mwaka 1832, na ngome ikaachiwa chuo. Wanafunzi wanaishi humo mpaka sasa.

Tafuta picha ya kilima hicho uwaoneshe. Waulize: hapa anakaa mchungaji au mtawala? Waache wajibu wao.

WakiliMsomi

Kijana aliuliza kama walikaa kimya. Jibu la swali hilo liko mwaka 1688, na mimi ningeipa kesi hiyo nusu ya muda wangu.

Mfalme James II alikuwa Mkatoliki. Alitoa Tamko la Uhuru wa Ibada linalosimamisha sheria dhidi ya Wakatoliki na Waprotestanti waliokuwa nje ya Kanisa la Uingereza, kisha akaagiza lisomwe makanisani. Askofu Mkuu William Sancroft na maaskofu sita waliandika ombi la kutolisoma. Hoja yao ilikuwa ya kisheria: mfalme hana mamlaka ya kusimamisha sheria za Bunge kwa kauli yake peke yake. Mfalme akaliita ombi hilo uchochezi. Wakapelekwa Mnara wa London kwa mashua mwezi Juni, na watu wa London wakapiga magoti kingoni mwa mto Thames wakiomba baraka zao.

Kesi ilisikilizwa Westminster. Tarehe 30 Juni 1688 baraza la wazee wa mahakama likatamka kwamba hawana hatia. Mji mzima ukawasha mioto ya shangwe, na hata askari wa mfalme waliokuwa kambini Hounslow walishangilia. Siku hiyohiyo viongozi saba, mmoja wao Henry Compton, Askofu wa London, walitia saini barua ya kumwita William wa Orange, mtawala Mprotestanti, kutoka Uholanzi. Kabla mwaka haujaisha, James alikuwa amekimbilia Ufaransa.

Ona jinsi kesi hii ilivyo nzito kwa vijana wetu. Hawakubeba silaha. Waliandika ombi, wakalipeleka mkononi mwa mfalme, wakakubali kwenda gerezani, wakashinda mahakamani.

Nyakato77

Wakili, umesema kweli, lakini usiishie nusu. Tamko lile lingewapa watu wengine uhuru wa kuabudu, na maaskofu wale walisimama upande wa sheria zilizowabana watu hao. Hoja yao kuhusu mamlaka ya Bunge ilikuwa sahihi, nakubali. Lakini Mkwekeri, mmoja wa Waprotestanti hao wa nje ya Kanisa, aliyefungwa kwa ajili ya ibada yake hakuwaona kuwa mashujaa. Kijana aambiwe pande zote mbili.

Na kama ni kusema ukweli, tuuseme wote. Oktoba 1831 Baraza la Malodi liliukataa muswada wa kupanua haki ya kupiga kura kwa tofauti ya kura 41. Maaskofu 21 waliupinga. Wangeuunga mkono, ungepita. Mwezi huohuo ghasia zilizuka Bristol na jumba la askofu likateketezwa. Sheria ilipita mwaka uliofuata.

Jambo linaloniumiza zaidi ni mashamba ya Codrington. Mwaka 1710 mashamba hayo ya miwa huko Barbados, kisiwa cha Karibiani, pamoja na watumwa wake, yalirithishwa kwa shirika la umisionari ambalo Askofu Mkuu wa Canterbury alikuwa rais wake. Watumwa wa mashamba hayo walipigwa chapa ya moto vifuani yenye neno la Kiingereza "Society", yaani Shirika. Walikuwa watu weusi kama mimi na wewe, wamechomwa kwa jina la shirika la injili. Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliomba radhi kwa ushiriki wa Kanisa katika utumwa mwaka 2006. Miaka zaidi ya mia moja baada ya urithi ule, Kanisa hilohilo lilijenga kanisa kuu Mkunazini, Unguja, pale lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, na Askofu Edward Steere aliyelijenga amezikwa humo. Wazee wako watapenda umtaje Steere. Mtaje, anastahili. Ila ukimtaja Steere, itaje na Codrington.

MamaFuraha

Mwanangu MwanaUluguru, mimi nakujibu la wazee. Usiende kongamanoni kabla hujawarudia. Nenda jioni, ukiwa umeandika unachotaka kusema, uwasomee. Mzee anayesikia jambo zito kwa mara ya kwanza mbele za watu huona amedharauliwa, hata kama ni kweli tupu. Akilisikia nyumbani kwake akiwa na kikombe cha chai, atakuuliza maswali, na baadhi ya maswali yake yatakusaidia.

Waanzie Cranmer. Sala nyingi tunazosali Jumapili zina asili yake katika Kitabu cha Sala cha 1549 alichokisimamia yeye. Mwambie mzee hivyo. Kisha mwambie kwamba Malkia Mary, Mkatoliki, alipotawala, Cranmer alifungwa, akavunjika moyo, akatia saini hati za kuikana imani yake. Siku ya kuchomwa, 21 Machi 1556, alitakiwa akiri hadharani. Badala yake akazifuta hati zile, na moto ulipowashwa akatanguliza mkono wa kuume uliotia saini. Mzee gani wa kanisa atasema habari hiyo inabomoa? Maaskofu hao nao waliumbwa na hofu kama sisi. Mimi kila nikiisoma natoka machozi.

MwanaUluguru

Asanteni sana, hasa Mama Furaha. Nitakwenda kwa wazee Jumamosi.

Nina maswali mawili. Moja, kule Southwark, ng'ambo ya mto kutoka mji wa London, madanguro yaliendeshwa kwa karne nyingi katika milki ya Askofu wa Winchester, kwa kanuni zake, na gereza lake la Clink likiwa hapohapo. Kongamanoni kutakuwa na watoto wa kidato cha pili. Nilitaje? La pili, ya leo: maaskofu 26 wanafanya nini hasa bungeni, na kuna chochote kinachotugusa sisi?

Mwl_Kipanga

La Southwark liache. Si kwa kuficha. Saa moja haina nafasi ya kulieleza vizuri, na watakaloondoka nalo ni hilo peke yake. Akiuliza mtu, jibu. Gereza litaje.

WakiliMsomi

Kuhusu leo. Idadi ya 26 inatokana na sheria ya 1847, ilipoanzishwa dayosisi ya Manchester. Watano wana viti kwa cheo chao: Canterbury, York, London, Durham na Winchester. Wengine 21 huingia kwa zamu ya muda waliotumikia, ingawa tangu 2015 wanawake wamepewa kipaumbele kwa kipindi maalumu ili wafike mapema. Askofu mmoja husoma sala kila kikao kinapofunguliwa. Hawana chama. Wote ni wa England tu, sehemu moja ya Uingereza: Kanisa la Wales lilitenganishwa na serikali mwaka 1920, na Kanisa la taifa la Uskoti halina maaskofu. Wapo Waingereza wengi wanaosema viti hivyo vifutwe, na hoja yao ina nguvu: kwa nini dhehebu moja?

Lakini waoneshe vijana jinsi viti hivyo vilivyotumika. Februari 1944, vita vikiwa vimepamba moto, George Bell, Askofu wa Chichester, alisimama humo akapinga kulipua miji ya Ujerumani pamoja na raia wake. Alichukiwa kwa hilo. Na Juni 2022 maaskofu 25 wa bungeni, wakiwemo wakuu wa Canterbury na York, walitia saini barua gazetini wakiulaani mpango wa serikali wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi, wakisema unaiaibisha Uingereza. Mpango ulifutwa 2024 serikali ilipobadilika. Swali la kijana wako lina jibu la miaka hii hii.

Dada_wa_Durham

Usimsahau John Sentamu. Alikuwa hakimu Uganda, akaondoka 1974 kwa sababu ya Idi Amin. Askofu Mkuu wa Uganda, Janani Luwum, alipouawa Februari 1977, Sentamu aliamua kuingia katika utumishi, na tangu 2005 hadi 2020 alikuwa Askofu Mkuu wa York, wa pili kwa cheo katika Kanisa la Uingereza. Mwaka 2007 aliikatakata kola yake ya kikasisi mbele ya kamera za televisheni akasema hataivaa tena mpaka Mugabe aondoke. Akaivaa tena 2017. Sanamu ya Luwum iko juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, kanisa mashuhuri la London, utawaonesha na hiyo.

Na kwa mabinti: Sarah Mullally, aliyetangazwa Oktoba 2025 kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanamke wa kwanza, alianza maisha akiwa muuguzi.

MwanaUluguru

Nimetoka kwa wazee. Mmoja amekubali yote, Codrington pia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema niisome polepole. Wa pili ameshikilia jambo moja: maaskofu wa 1688 walikuwa wanasiasa tu, walimpinga James ili wampate mfalme wao. Nimjibu nini?

WakiliMsomi

Mwambie yaliyompata Sancroft. William wa Orange alipotawazwa, aliwataka maaskofu waape utii kwake. Sancroft alikataa, kwa kuwa alikwisha kuapa kwa James, na James alikuwa bado hai. Kati ya wale saba waliofungwa, watano walikataa kiapo hicho. Mwaka 1690 Sancroft alivuliwa uaskofu mkuu. Alirudi kijijini kwake Fressingfield, Suffolk, akafia huko 1693. Angetaka mfalme wa kumfaidi, William alikuwa tayari kitini, akimsubiri aape.