Picha za buabua na shakwe ufukweni Bagamoyo: nakosea wapi?

Binti wa Dunda

Salamu kwenu nyote. Tangu Desemba nimekuwa nikiamka alfajiri ili niwapige picha buabua na shakwe wanaokusanyika karibu na soko la samaki hapa Bagamoyo, lakini matokeo yananikatisha tamaa. Natumia kamera yenye lenzi ya milimita 300. Ndege walio angani hutoka kama vivuli vyeusi, na katika zile picha chache ambazo si nyeusi, manyoya yao meupe huwa kama karatasi tupu, kiasi kwamba huwezi kutofautisha bawa na tumbo. Nikijaribu kuwasogelea wakiwa wametua mchangani, kundi zima huruka nikiwa bado mbali.

Pia naomba kueleweshwa kuhusu buabua wenye shungi jeusi kisogoni: mmoja mkubwa mwenye mdomo wa manjano, mwingine mdogo mwenye mdomo wa rangi ya chungwa. Je, hao ni dume na jike?

Mstaafu wa Pangani

Binti yangu, usiilaumu kamera. Ufukwe wa Bagamoyo unaelekea mashariki, kwa hiyo asubuhi ukitazama baharini jua linakuwa usoni mwako, na ndege anakuonyesha upande wake wa kivuli. Nenda alasiri, jua likiwa mgongoni. Tena si alasiri yoyote, bali ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Katika pwani yetu, siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne. Yakipwa, ndege hutawanyika kwenye mafungu na matope ya mbali. Yakijaa, hubakia ukanda mwembamba wa mchanga mkavu, nao hawana budi kujazana hapo wapumzike, wakati uleule ambao nuru imekuja upande wako. Siku za maji mafu usijisumbue, kwa sababu maji hayapandi sana na ndege wana nafasi tele ya kukaa mbali nawe.

Kuhusu kuwasogelea, jibu langu ni kwamba usiwasogelee. Fika saa nzima kabla maji hayajajaa, keti chini, kisha waache wasukumwe na maji kuja kwako. Wakianza kunyoosha shingo na kutembea badala ya kusimama, ujue umewakera, basi tulia hapohapo. Kumbuka pia kwamba ndege wa bahari waliotua huelekea upepo unakotoka. Msimu huu wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, kaa upande wa kaskazini wa kundi, la sivyo utarudi nyumbani na albamu ya mikia.

Hao buabua wako ni aina mbili. Dume na jike wa kila aina hufanana. Mdogo mwenye mdomo wa chungwa, kama papai lililoiva, ana urefu wa sentimita 35 hivi na kitaalamu huitwa Thalasseus bengalensis. Mkubwa mwenye mdomo wa manjano ni Thalasseus bergii, naye hukaribia sentimita 50. Ukiona mkubwa zaidi, mwenye mdomo mnene mwekundu kama pilipili, huyo ni wa tatu. Miezi hii wengi wana paji jeupe, kwa kuwa ile kofia nyeusi kamili huvaliwa wakati wa kuzaliana, hivyo usiitegemee kuwatambua, tegemea mdomo.

Mkazi wa Raskazone

Nakubaliana na mzee kuhusu bamvua, ila manyoya yaliyogeuka karatasi yana sababu nyingine. Kamera hupima mwanga wa eneo lote. Ndege mweupe akiwa mbele ya maji meusi, kamera hudhani kuna giza na kuongeza mwanga; akiwa mbele ya anga jeupe, huupunguza. Iondolee uamuzi huo. Mpige picha ndege mmoja aliyetua juani, punguza mwanga mpaka manyoya ya kifuani yaonyeshe alama zake, kisha usibadilishe vipimo hivyo hadi jua lenyewe libadilike.

Kwa buabua anayejitosa, tumia kasi ya 1/2000 ya sekunde au zaidi. Kabla ya kujitosa mara nyingi husimama hewani akipigapiga mabawa, kichwa kimeinama. Anza kupiga hapo, kwa maana ukingoja aanguke utapata picha ya maji yaliyoruka. Shakwe hana haraka hiyo: huokota juu ya maji, au hungoja mwenzake avue ndipo ampore.

Jambo la mwisho ni chumvi. Niliwahi kurudi na mashua kutoka kisiwani nikalala bila kuifuta lenzi, na ndani ya wiki moja pete yake ilikwama. Siku hizi naifuta jioni ileile kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa sana.

Mvuvi wa Kaole

Mimi si mpiga picha, ila naongeza neno. Msimu wa kusi, upepo utokao kusini, ukiteremka kwenye visiwa vidogo na buabua wakaanza kukushambulia kichwani kwa makelele, ujue umeingia penye mayai. Rudi kwa njia uliyojia, ukitazama unapokanyaga, maana mayai yana madoadoa kama mchanga wenyewe, na mama akikaa hewani kwa sababu yako, jua la saa sita huyaharibu upesi.

Binti wa Dunda

Mzee wangu, shikamoo, na nyote nawashukuru. Jana nilifika saa tisa alasiri, nikaketi kwenye kivuli cha ngalawa iliyopandishwa. Ilipokaribia saa kumi kundi lilikuwa hatua ishirini kutoka kwangu, na hakuna aliyeruka. Nina picha moja ya yule mdogo, mdomo wa papai, ameshika dagaa kwa ubavu; paji ni jeupe kama ulivyosema, na jicho la dagaa linaonekana.