Miguu ya bimkubwa haipati damu vizuri: kwa Mchina au hospitali?

Mtoto_wa_Tandika: Wakuu habari za jioni. Bimkubwa miguu inakufa ganzi, ya baridi, akitembea kidogo tu inabana. Tumeenda kliniki moja ya Kichina wakamshika mkono, wakamwangalia ulimi, wakasema damu imekwama, wanataka wamchome zile sindano nyembamba za Kichina zisizo na dawa, na mitishamba ya miezi mitatu, hela ndefu. Kwa hela hiyo naweza kumpeleka kwa bingwa wa mishipa. Jumatatu natakiwa nilipe, nishaurini.

Dada_Mbezi: Umri? Ana sukari? Presha? Mguu mmoja au yote? Anakunywa dawa gani? Sasa hapo tushauri nini mkuu.

Chuma_Cha_Pua: Nenda kwa Mchina. Mama mkwe wangu alichomwa sindano saivi anapanda ngazi. Hospitali watakupa aspirini tu, na yenyewe asili yake ni magome ya mti.

Dada_Mbezi: Maumivu kupungua sio mshipa kuzibuka. Mchina anakwambia qi, yaani nguvu ya uhai, na damu vimekwama anavisukuma, hospitali wanatafuta mshipa upi na una nini, mafuta yameganda, bonge la damu, au vena zimelegea, na kila kimoja kina tiba yake. Wanapima presha ya kifundo cha mguu wanalinganisha na ya mkono, halafu dopla, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha damu inavyopita. Ulimi hauonyeshi hayo.

Mjukuu_wa_Nahodha: Mzee wangu alibadilishwa vali ya moyo akawa anakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, jirani akamletea dawa ya Kichina ya kusafisha damu, ndani kuna danshen, mzizi wa mitishamba ya Kichina, mzee akawa anakunywa zote kimya kimya maana aliogopa kufokewa na daktari, na huko alikonunua hakuna aliyemuuliza anatumia nini. Akaanza kutoka damu puani, tukasema joto, mara mkojo mwekundu, kufika hospitali INR, kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, imepaa vibaya, wakampa vitamini K akalazwa. Ndo tukaambiwa danshen inaipa warfarini nguvu kupita kiasi.

Chuma_Cha_Pua: Hapo mzee ndo alikosea kuficha. Mwanasayansi wa China Tu Youyou kapewa Nobeli 2015 kwa dawa ya malaria aliyoitoa kwenye mmea wa Kichina, ndo iko kwenye dawa mseto mnayoimeza wote.

Dada_Mbezi: Ilichujwa ikapimwa maabara, hukupewa majani kwenye mfuko.

Pwani_Asili: Mnabishana bure. Madaktari wa Kichina wako Zanzibar tangu 1964 na wanapasua watu kama madaktari wengine. Halafu chuku, yaani kuumika na kunyonya damu, bibi zetu walipiga kwa pembe ya ng'ombe, leo mnaiita hijama mnailipia.

Mtoto_wa_Tandika: Samahani nilikuwa kwenye foleni. Ana 61, sukari anayo kitambo. Miguu yote ila wa kulia zaidi, una kakidonda kidoleni hakaponi.

Dada_Mbezi: KIDONDA? Ndo unasema saa hizi! Sukari, mguu wa baridi, kidonda hakiponi, usingoje Jumatatu, mpeleke kesho asubuhi. Mguu huo usichomwe sindano na yeyote.

Chuma_Cha_Pua: Hapo sawa, aanze hospitali. Kidonda kikipona arudi kwa Mchina.

Dada_Mbezi: Kufanya nini tena??

Pwani_Asili: Nje ya mada, nani anamjua mpiga chuku mzuri Temeke? Mgongo unaniua.