Mameneja wa bidhaa, tupeane uzoefu: hati ya mahitaji iliyokuponza au kukuokoa

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa sisi tunaoandika hati ya mahitaji, ile PRD inayoeleza bidhaa ifanye nini na kwa ajili ya nani, kabla madevelopa hawajagusa kazi. Naanza na yangu.

Tulikuwa tunatengeneza programu ya simu ya kurekodi dagaa wabichi kwenye mwalo mmoja upande wa Igombe, Mwanza. Hati niliiandikia ofisini, kurasa kumi na nane. "Skrini iwe rahisi kutumia." "Uzito uingizwe kwa kilo." Siku ya majaribio mama mmoja akapokea simu, mkono unachuruzika maji ya samaki. Akabonyeza mara nne, skrini kimya. Akaifuta kwa kanga, akabonyeza tena, akaniuliza: "Mwanangu, pa kuandika ndoo ni wapi?"

Hapakuwepo. Pale wanahesabu kwa ndoo, mimi nimeandika kilo. Vijana walitengeneza nilichowaandikia, kosa lilikuwa langu, na liliniuma kwa sababu mwalo uko karibu na sikuwa nimeenda hata asubuhi moja. Nikakaa pale siku tatu, nikaandika upya: "Mtu mwenye mkono uliolowa, juani saa nne asubuhi, arekodi ndoo kumi ndani ya dakika moja bila mtandao." Developa akasema sasa anajua cha kupima. Kurasa zikabaki nne.

Karibuni.

Mdau wa Ukerewe
Mkuu, mimi niliponzwa na mwezi. Kipimo cha mafanikio niliandika: wavuvi 200 watumie programu kila siku kwa siku thelathini. Wiki ya kwanza safi, kisha namba zikaporomoka. Ofisini wakataka tubadilishe skrini zote. Nikampigia mzee mmoja wa Nansio, akanijibu, "Kijana, mbalamwezi huioni?" Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wanavutwa kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu wengi hawaingii ziwani. Skrini hazikuwa na tatizo lolote. Tangu hapo napima giza kwa giza, na kalenda ya mwezi naiweka ndani ya hati.

Developa, Nyegezi
Naongea kwa niaba yetu tunaozisoma. Nililetewa hati ya menyu ya USSD, ile ya kubonyeza nyota na namba bila intaneti, kwa wenye vitochi, kila hatua ina aya nzima ya maelezo. Ujumbe mmoja wa USSD unabeba herufi 182 tu! Meneja angeniita dakika kumi kabla ya kuandika, tusingepoteza wiki mbili. Na jamani, andikeni sababu ya kila hitaji. Nikijua kwa nini mnalitaka, naweza kuwapa njia nyepesi zaidi.

Dada wa Kirumba
Kilichoniokoa ni sehemu ya "Hatutafanya". Toleo la kwanza: hakuna mikopo, hakuna soko la mtandaoni, hakuna ramani.

Mleta uzi
Dada, wangu bosi anaongeza mambo usiku kwa WhatsApp. Unafanyaje?

Dada wa Kirumba
Naliingiza kwenye hati asubuhi hiyohiyo: aliyeomba, tarehe, na kitakachotoka ili hilo liingie. Kisha namrudishia achague. Mara ya mwisho aliomba risiti za rangi. Akaona zinachelewesha sehemu ya malipo ya wachuuzi kwa mwezi mzima, akazifuta mwenyewe.